Mstari wa Katikati

Asubuhi ambayo Mwalimu Wacuka aliingia Gredi ya Pili kufundisha nusu, binti yake Soipan alikuwa hajaanguka tangu Krismasi. Hilo ndilo alilokuwa akilitembeza moyoni, wala si somo. Aliweka mezani karatasi za rangi, mikasi, na mche mzima wa sabuni ya kufulia alioununua njiani, na macho yake yakapita juu ya vichwa vyote hadi dawati la karibu na dirisha. Soipan alikuwa ameketi wima, mikono juu ya meza, akitabasamu. Mama akapumua na kuanza kazi.

"Kunjeni karatasi mara moja. Pembe ikae juu ya pembe. Sasa funueni. Mnaona nini?"

"Mstari," darasa likajibu kwa pamoja.

"Uko wapi?"

"Katikati."

Aliwaambia wapitishe kalamu juu ya ule mstari, kisha wakate. Kila mmoja akaweka kipande kimoja juu ya kingine na kuona vinalingana. Hiyo ndiyo nusu, akawaambia, si kile kijipande unachomtupia mwenzako huku wewe umekumbatia kikubwa. Hapa Kitengela kuna watu wazima waliouziwa shamba kwa nusu ya namna hiyo, akaongeza, na watoto wakacheka bila kujua wanacheka nini. Halafu akainua mche wa sabuni, ule wenye alama zilizochapwa kiwandani. "Mwenye duka anajuaje pa kukatia?"

Mkono wa Soipan ulikuwa juu kabla ya swali kwisha. "Iko na mstari, Teacher. Penye mstari ndio pa kukata. Wameweka ndio watu wagawane."

"Vizuri sana. Mpigieni makofi."

Makofi yakapigwa. Soipan akamtazama mama yake kwa macho yanayong'aa, na Wacuka, ambaye shuleni hujikaza asionekane akimpendelea, akashindwa kujizuia, akamkonyeza. Ilikuwa raha kubwa kwake. Mwaka uliopita, siku ya wazazi, mtoto huyohuyo alianguka mbele ya viti vya wageni, povu likamtoka, na mama mmoja mwenye mkoba mzuri akauliza kwa sauti kama ugonjwa ule haushikwi kwa mate. Mwenye shule, Madam Valerie, alimwita Wacuka ofisini siku ya pili. Akianguka tena hapa mbele ya watoto wa watu, alisema, itabidi akae nyumbani. Ndipo Wacuka alipompeleka kliniki ya kifafa kule Kajiado. Krismasi Soipan alianguka mara ya mwisho, dawa ikakolea, na tangu hapo nyumba nzima ilikuwa ikitembea kwa ncha za vidole, ikiogopa hata kushukuru kwa sauti.

Nyumbani palikuwa na vyumba viwili vya kupanga, na dawa ilikuwa mkononi mwa Kokoo, mama yake Kasaine. Kasaine, baba wa watoto, alikata nyama katika buchari moja barabara ya Namanga na kurudi watoto wakiwa wamelala. Wacuka alirudi na furushi la vitabu vya kusahihisha. Kwa hiyo walimwomba Kokoo aje kutoka Kisaju awaangalie wasichana, Soipan wa miaka saba na Kui wa minne, naye akaja na shuka zake mbili na kopo lake la ugoro, bila kuuliza atakaa hadi lini.

Kokoo hakuwa na sheria nyingi. Mtoto ainamishe kichwa aguswe na mkubwa, na mtoto asile peke yake. Kula ukiwapa wenzako mgongo, kwake, kulikuwa aibu kushinda kuiba. Jioni aliwapa wasichana maziwa katika kikombe kimoja kikubwa cha bati ili wajue kungojana, na juu ya kiganja cha Soipan akaweka kidonge kimoja cheupe. Macho yake yalikuwa na ukungu. Kidonge alikijua kwa kukigusa.

"Na mimi?" Kui aliuliza kila jioni.

"Hii ni ya Soipan."

"Kwa nini yake na mimi sina?"

Jioni ya siku ile ya sabuni, Soipan alikwenda na kidonge chake na kikombe hadi kitandani, chini ya taa, na akaona jambo ambalo lilikuwapo siku zote. Kidonge kilikuwa na mstari, mwembamba, ulionyooka, katikati kabisa. Akakiweka kati ya meno na kukibana penye mstari. Kikakatika vizuri kuliko hata sabuni. Akaweka kipande juu ya kipande, vikalingana. Kimoja akameza kwa nusu ya maziwa. Kingine akampa mdogo wake, naye Kui akakunja uso kwa uchungu wake, kisha akacheka kwa sababu hatimaye na yeye amepewa.

"Soipan," Kokoo aliuliza kutoka sebuleni, akifikiria maziwa, "umegawia Kui?"

"Ndio, Kokoo."

"Enkerai ai sidai," akasema Kokoo kwa Kimaasai, yaani mtoto wangu mzuri, na akarudi kwenye ugoro wake akiwa ametosheka. Ikawa hivyo kila jioni.

Wa kwanza kulalamika alikuwa Teacher Kalekye wa watoto wadogo, na hakulalamika faraghani. Alingoja chumba cha walimu kijae, chai ikiwa mkononi mwa kila mtu.

"Teacher Wacuka, huyu Kui wako anakuja shule kulala. Jana amelala na uji mdomoni. Kwani kwenu mnazima TV saa ngapi?"

"Sisi hatuna TV," Wacuka alijibu, na mara akajutia jibu lake, maana waliokuwapo walitazama vikombe vyao kwa huruma asiyoihitaji.

Nyumbani alimvuta Kui sikio. Akamwambia asipokaa macho darasani atarudishwa kuwa mtoto mchanga, avalishwe nepi. Kui akalia, na katikati ya kulia akasinzia, na hata hapo Wacuka hakushtuka. Aliona ukaidi tu. Akamgeukia mama mkwe wake. "Yeyo, naomba hizi hadithi za usiku ziishe. Mtoto halali."

"Hadithi ni fupi, Ng'oto Soipan," Kokoo akajibu, akimwita mama Soipan kwa Kimaasai. " Huyu siku hizi analala kabla fisi hajaingia."

"Basi fisi abaki nje kabisa."

Kokoo alifunga kopo lake la ugoro. Alikuwa amezoea kwamba mkwe wake huongea na watu wote kana kwamba wako Gredi ya Pili, na alimsamehe hilo kwa sababu aliona anavyochoka.

Ijumaa moja, wakati wa kupandisha bendera, Soipan alianguka.

Alianguka mbele, kwenye mstari wa wadogo, bila kutoa sauti nyingine ila ile ya kichwa kugonga lami. Watoto wakatawanyika. Mwalimu wa michezo, Nick, kijana mwenye mbavu na filimbi, alikuwa karibu naye kuliko mtu yeyote, akarudi nyuma huku akiwavuta wengine kwa mikono. Wacuka alikimbia kutoka upande wa pili, akamlaza ubavu, akamwekea sweta yake chini ya kichwa, na kumshikilia hadi mwili ulipoacha kupigana. Mtoto alikuwa amejikojolea. Wacuka akavua leso aliyojifunga kiunoni, akapangusa ile lami mwenyewe, mbele ya shule nzima, kwa sababu hakutaka mtu mwingine alete deki na ndoo na kupangusa huku ameziba pua.

"Teacher," msichana mmoja wa darasa lake akauliza, "na sisi tutaanguka?"

Madam Valerie hakufoka. Wacuka angependa afoke. Alimvutia kiti, akafunga mlango taratibu, akaongea kwa sauti ya kanisani.

"Nimesimama na wewe, Teacher Wacuka, na unajua. Lakini wazazi wakianza kutoa watoto, hata wewe utafundisha nani? Mrudishe kliniki. Akikaa sawa mpaka term iishe, hakuna mtu ataongea. Lakini shida yoyote ingine na huyu mtoto, please, usiningojee nikuambie."

"Asante, Madam," Wacuka akasema. Alishukuru kweli, na kushukuru kwenyewe kukamuuma kuliko maneno aliyoambiwa.

Jumamosi asubuhi alikuta sufuria jikoni, chini ya sinia, ina maji mekundu na maganda ya mti yakielea. Alikuwa hajalala. Usiku kucha alikuwa akijiuliza dawa iliyofanya kazi tangu Krismasi imeharibiwa na nini, na sasa jibu lilikuwa limekaa mbele yake likitoa harufu.

"Yeyo, hii ni nini?"

"Olkiloriti. Ya magoti yangu. Kasaine anajua."

"Soipan umempatia?"

"Soipan? Hapana. Ni kali, mtoto hawezi."

"Yeyo, mimi niko na mtoto ameanguka mbele ya shule nzima. Dawa anakunywa kila siku, na ni wewe unampatia. Hapa ndani nakuta miti imechemshwa na kufichwa. Unataka nifikirie nini?"

"Nimefunika inzi," Kokoo akasema. "Sijaficha."

Kasaine alikuwa ameketi akivaa viatu vya kazi. Alijua mama yake hunywa ile supu ya maganda tangu yeye akiwa mtoto, na alijua mama yake hasemi uongo. Kutwa nzima huko buchari hakuna mfupa uliomshinda kupasua. Lakini sasa alishika kamba ya kiatu akaitazama kama anasoma.

"Kasaine," mama yake akasema, "bibi yako anasema nimelisha mtoto sumu."

"Sijasema sumu," Wacuka akasema.

"Umesema."

Nje, kwenye kamba za nguo, jirani yao Mama Wainaina alikuwa akianika shuka ileile kwa mara ya tatu.

"Yeyo," Kasaine akasema hatimaye, bila kuinua uso, "labda ungerudi Kisaju kidogo. Kidogo tu. Mpaka daktari amwone mtoto."

Kokoo aliinuka. Aliibeba ile sufuria mwenyewe, akaimwaga kwenye mtaro, akaisuuza na kuirudisha mahali pake pakavu. Shuka ya pili akaifunga ndani ya ya kwanza. Wasichana walikuja mlangoni, wakainamisha vichwa, naye akawagusa, Kui haraka kwa kuwa alikuwa akipiga miayo, Soipan kwa muda mrefu.

"Wewe ndio mkubwa sasa," akamwambia. "Ukae na Kui vizuri. Usimwache nyuma kwa kitu."

"Sawa, Kokoo."

Wacuka alisimama jikoni akiwa amewapa mgongo. Alitaka kusema neno, hata la kumtakia safari njema, na kiburi kikamfunga mdomo. Akajiambia anafanya haya kwa ajili ya mtoto.

Kliniki kule Kajiado daktari alimpima Soipan uzito, akamwangaza macho, akauliza maswali yake bila haraka.

"Dawa anameza kila siku?"

"Kila siku."

"Unamwona kwa macho akimeza?"

"Ilikuwa mama mkwe. Sasa ni mimi." Kisha Wacuka akamweleza habari za ile sufuria, kwa urefu, akingoja daktari akunje uso.

Daktari hakukunja uso. Alisema anawajua wagonjwa wengi wanaokunywa hayo maganda, na hata kama mtoto angeonja, hayo siyo yanayomwangusha. Labda amekua tu na dawa imekuwa ndogo kwake. Tangu leo, vidonge viwili badala ya kimoja. Wacuka alilisikia lile la viwili, na lile la maganda akajitia hakulisikia, kwa sababu angelisikia ingembidi aende Kisaju siku hiyohiyo.

Wiki hiyo darasani somo lilikuwa limesonga mbele. Walikuwa wamemaliza nusu ya kitu kimoja, sasa walikuwa kwenye nusu ya vitu vingi. Wacuka alimwaga vizibo vya soda mezani. Nusu ya vizibo sita? Vitatu. Nusu ya vinne? Viwili. "Na nusu ya viwili?"

"Kimoja," Soipan akasema. "Hii ni rahisi, Teacher. Hakuna kukata."

"Hakuna kukata. Unampa mwenzako chake na unabaki na chako."

Jioni aliweka vidonge viwili kwenye kiganja cha binti yake, akamwambia ameze, akarudi kusonga ugali kabla haujashika. Soipan akameza kimoja papo hapo, akanywa maji. Cha pili akakifumbata, akaenda nacho chumbani.

Jumatano Kui hakuamka.

Wacuka alimwita, akamtikisa, akamvuta blanketi, akamtisha na nepi. Mkono wa mtoto alipounyanyua ulianguka wenyewe. Alikuwa akikoroma kwa sauti nzito isiyo ya mtoto. Wacuka alimfunga kifuani kwa leso, akamshika Soipan mkono akiwa na sare ya shule upande mmoja, wakapanda bodaboda watatu hadi hospitali ya karibu. Kasaine alikuja kutoka kazini akikimbia, na koti lake jeupe la buchari lina damu, na kila alipopita watu waliruka pembeni wakidhani ndiye aliyeumia.

Nesi alimwekea Kui dripu, akamfunua kope, akauliza, "Kuna dawa gani nyumbani?"

"Hakuna," Wacuka akasema. "Ni ya huyu mkubwa tu. Nimeweka juu ya kabati, hawezi kufikia."

"Hajafikia," Soipan akasema. "Mimi humpea."

Watu wote wazima wakamgeukia.

"Unampea nini?" Kasaine akauliza.

"Nusu. Kwanza ilikuwa nusu ya moja. Sasa ni nusu ya mbili." Alikuwa akieleza taratibu, vile alivyofundishwa kueleza jibu. "Sijampunja, Baba. Inatoshana."

Nesi aliandika, akatoka haraka kumwita daktari. Wacuka alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha mtu mwingine. Yale maneno yaliingia moja moja. Usingizi wa Kui, sikio alilolivuta. Lami ya shule. Sufuria iliyosuuzwa na kurudishwa mahali pakavu.

"Nani alikuambia umpe?" Wacuka akauliza.

"Hakuna mtu. Iko na mstari, Mama. Nilisema wameweka ndio watu wagawane, ukasema vizuri sana."

"Ile ni sabuni, Soipan. Hii ni dawa."

"Najua ni dawa." Mtoto akafuta macho kwa sare yake. "Ulimwambia Mama Wainaina nilianza kuanguka nikiwa na miaka minne. Kui ako na minne. Nilitaka yeye asianze."

Kasaine alitoka nje, na sauti ya kilio chake ikasikika ukutani. Hapo ndipo mama angemkumbatia mtoto wake. Mimi ninayesimulia ningefurahi kusema alimkumbatia. Lakini Wacuka alikuwa ameshikwa na hofu, na hofu humfanya mwalimu kuwa mwalimu zaidi. Alimkamata Soipan mabega yote mawili, akainama hadi nyuso zikakaribiana.

"Nisikilize. Kitu yako ni yako. Ukipewa kitu, ni yako yote. Hutoi nusu. Hutoi hata tone. Hata Kui alie, hata nani akuombe. Sema."

"Kitu yangu ni yangu," Soipan akasema.

"Tena."

"Kitu yangu ni yangu."

"Na Kui akilia?"

Mtoto alimtazama mdogo wake pale kitandani, na mrija mkononi. "Ni yangu yote."

"Tena."

Akasema tena, na tena, hadi Wacuka aliporidhika kwamba limeingia. Saa za alasiri Kui alifungua macho, akatazama dari, akaomba maziwa. Daktari alisema wana bahati. Soipan aliketi kwenye benchi, mikono juu ya magoti, akirudia kimoyomoyo.

Kui aliruhusiwa siku ya tatu. Kabla hata hajarudi shuleni, habari zilikuwa zimemtangulia, maana katika chumba cha walimu hakuna habari inayolala. Madam Valerie alivuta kile kiti tena.

"Hajaanguka, Madam," Wacuka akasema kabla ya kuulizwa. "Na sasa atameza dawa yote. Tumejua shida ilikuwa wapi. Hataanguka tena."

"Kuanguka naelewa. Kuanguka ni ugonjwa. Lakini sasa huyu mtoto anagawia wengine dawa. Kesho atagawia mtoto wa nani hapa? Nitajibu nini?"

"Alikuwa anamgawia dadake. Ni roho yake nzuri."

"Najua ni roho nzuri," Madam Valerie akasema, na ilionekana anaamini. "Lakini siwezi."

Kwa hiyo si kifafa kilichomtoa Soipan darasani. Wacuka alikusanya vitabu vyake kutoka lile dawati la karibu na dirisha, na kwenye kimoja akakuta nusu mbili za karatasi ya kijani, zimebandikwa kwa gundi ubavu kwa ubavu, na maandishi chini yake kwa herufi kubwa: YA MIMI. YA KUI. Akafunga kitabu haraka. Kipindi kilichofuata alikuwa na darasa.

Jumapili walikwenda Kisaju wote wanne. Mtu wa kukaa na Soipan mchana hakuwapo, shule nyingine haikuwa imepatikana, na mlango wa kugonga ulikuwa mmoja tu. Kasaine alibeba nyama. Wacuka hakubeba kitu. Aliona chochote ambacho angebeba kingekuwa kama hongo.

Kokoo alikuwa uani akichambua maharagwe kwa vidole. Alizijua hatua zao.

"Takwenya, Yeyo," Wacuka akamwamkia kwa Kimaasai.

"Iko," Kokoo akaitikia salamu.

Wasichana waliinamisha vichwa wakaguswa. Kisha Wacuka akapiga magoti kwenye vumbi, jambo ambalo hakuna aliyemwomba, akasimulia yote, hata lile alilojitia hakulisikia kwa daktari. Kokoo aliendelea na maharagwe yake, mabovu kulia, mazuri kushoto.

"Kui amepona?"

"Amepona."

"Mimi sikumpa mtoto kitu."

"Najua, Yeyo."

"Sasa unajua." Akamgeukia Kasaine. "Wewe ulijua siku ile."

Kasaine alitafuta mahali pa kuweka ile nyama. Mama yake akamwacha, akamgeukia mkwe wake. "Inuka, Ng'oto Soipan, utachafua nguo ya kanisa. Mtoto atakaa. Nyumba yangu haijawahi kufukuza mtu." Akasimama kwa shida ya magoti yake, akaingia ndani, akatoka na kikombe kimoja kikubwa cha maziwa. Akampa Soipan, kwa kuwa ndiye mkubwa.

Soipan alikipokea kwa mikono miwili. Kui akasogea kama alivyozoea, akasimama ubavuni pake, kidevu juu, akingoja zamu. Soipan alimtazama mdogo wake, kisha akamtazama mama yake. Halafu akageuka, akawapa wote mgongo, akanywa. Alikunywa bila kupumzika, mabega yakipanda na kushuka, hadi kikombe kikasimama wima juu ya uso wake. Kui hakulia mara moja. Alinyoosha mkono akashika nguo ya dada yake nyuma, akaivuta polepole, kama mtu anayebisha hodi katika nyumba anayoijua.

Kokoo alisikia ule ukimya. "Soipan, umegawia Kui?"

"Hapana, Kokoo. Kitu yangu ni yangu."

Kui ndipo akalia. Kokoo alinyoosha mkono, akakichukua kikombe, akaingiza kidole hadi chini. Yale macho yake ya ukungu yalizunguka uani, kwa mwanawe, kwa mkwe wake, yakitafuta.

"Nani amefundisha mtoto hivi?"

"Ni mimi, Yeyo," Wacuka akasema.

Soipan alikuwa amegeuka tena kuwaangalia, na maziwa meupe juu ya mdomo wake. Alisimama wima, mikono ubavuni, akimtazama mama yake kama alivyomtazama siku ile ya sabuni, akingoja aambiwe vizuri sana.